Barua ya chuo isiyo na kitanda

Jumamosi moja majuzi nilihudhuria mchango nyumbani Masimba, katika eneo la Masaba Kusini, kaunti ya Kisii. Kijana wa jirani, mwana wa mama mjane anayeishi kwa kuchuma majani chai katika shamba lisilotimia ekari moja, alikuwa ameitwa kujiunga na chuo kikuu jijini Nairobi. Hema lilisimamishwa kando ya migomba, wazee wakaketi mbele, walimu wake wa shule ya msingi wakaja, na mwenyekiti akaisoma orodha ya mahitaji: karo, nauli, blanketi, viatu, tarakilishi. Kila kitu kilikuwa na bei yake, na kila bei ikapata mtu wa kuichangia.

Ndipo nyanya ya kijana huyo, ajuza ambaye hajawahi kufika mbali kupita Narok, alipoinua mkono na kuuliza, "Na huko Nairobi mjukuu wangu atalala wapi?" Watu walicheka. Mwenyekiti akamjibu kwa heshima kwamba chuo hakiwezi kumwita mtu kisha kikamwacha nje. Nami nilicheka pamoja na wengine, hadi nilipopewa ile barua ya chuo niisome. Kuelekea mwisho wake palikuwa na sentensi moja fupi: chuo hakitoi hakikisho la malazi kwa wanafunzi wote.

Swali la ajuza yule halikustahili kicheko. Ni swali ambalo serikali, vyuo vikuu na sisi wazazi tumelikwepa kwa zaidi ya miaka thelathini, na wanaolilipia ni watoto waliotoka mbali na wasio na wa kuwapokea.

Inafaa msomaji akumbuke tulikotoka. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi kamili mwaka 1970, mwanafunzi na bweni vilikwenda pamoja. Aliyeitwa chuoni alipewa chumba na mlo, na katika miaka hiyo ya sabini akapokea pia posho iliyojulikana kwa jina la "boom". Chuo Kikuu cha Kenyatta kilianza maisha yake katika malazi ya watu wengine: majengo yake ya kwanza huko Kahawa yalikuwa kambi ya wanajeshi wa Uingereza, iliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965. Hata uteuzi wa wanafunzi ulifuata vitanda. Bodi ya pamoja ya vyuo vya umma, ile iliyojulikana kama JAB, ilihesabu vitanda vilivyokuwapo, kisha ikaita wanafunzi wa kuvijaza. Kitanda kilipokwisha, nafasi ilikwisha.

Hatuna budi kukiri kwamba utaratibu huo ulikuwa na dhuluma yake. Maelfu ya vijana waliofikisha alama ya C+, ambayo ndiyo kiwango cha kuingia chuo kikuu, walibaki nyumbani kwa kukosa mahali pa kuweka godoro. Lakini tazama jinsi tulivyoutatua. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walipoingia vyuoni mwaka 1990, mabweni yalifurika. Mwaka 1991 serikali ikaondoa posho na kumtaka kila mwanafunzi ajinunulie chakula chake. Ghasia zikazuka, vyuo vikafungwa, na wanafunzi wakatawanywa vijijini. Vyumba vilivyojengewa watu wawili vikaanza kulaza watatu na wanne. Wasiopata chumba walijibanza sakafuni kwa wenzao, na lugha ya chuoni ikawapa jina la "maharamia". Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia karo, nao wengi wakaingia bila ahadi yoyote ya kitanda.

Hatimaye Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ikaiweka kando JAB na kuunda shirika la KUCCPS, na uteuzi ukaachana kabisa na hesabu ya vitanda. Kufikia mwaka 2013 vyuo vikuu vya umma vyenye hati kamili vilikuwa 22, na kuanzia mwaka 2016 wanafunzi wanaofadhiliwa na serikali wakaanza kupelekwa hata katika vyuo vya kibinafsi. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024, zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata C+ na kuendelea. Wengi tulishangilia, nami nikiwamo, kwani hakuna mzazi asiyefurahi mlango unapopanuliwa. Ilikuwa haki kukiondoa kitanda katika hesabu ya uteuzi. Kosa letu ni kwamba baada ya kukiondoa huko hatukukiandika katika hesabu nyingine yoyote ile.

Matokeo yake yako wazi kwa yeyote anayepita pembezoni mwa vyuo hivyo. Wa Kenyatta wametapakaa Kahawa Wendani, Kahawa Sukari na Githurai. Wa Jomo Kenyatta wameijaza Juja hadi Gachororo. Wa Nairobi wanatafuta Ngara na Pangani, na wale wa kampasi ya Kabete wanateremkia Kangemi na Uthiru. Kila mwaka, msimu wa kuripoti unapowadia, utawaona vijana wenye masanduku wakipanda na kushuka ngazi za majumba ya orofa, wakimtafuta keateka.

Yanayowapata huko yanajulikana. Yuko dalali anayetoza ada ya kuonyesha chumba, na akishakuonyesha vitatu vilivyokwisha kukodishwa, ada yake hairudi. Yuko tapeli anayetuma kwa simu picha za chumba kizuri chenye vigae, akapokea amana kutoka kwa mzazi aliye kijijini, kisha simu ikazimwa. Yuko mwenye nyumba anayetaka kodi ya mwezi mmoja, amana ya mwezi mwingine, pesa za maji na za stima, zote kwa pamoja, kabla ya kutoa ufunguo. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini kijana aliyewasili alfajiri kwa basi la usiku kutoka Kisii, anayetakiwa kujisajili darasani mchana wa siku hiyo hiyo, ana muda gani wa kufungua na kuingia?

Na tufanye hesabu kidogo. Chini ya mpango wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023, mkopo wa matumizi kwa mwanafunzi wa chuo kikuu uliwekwa kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka, kulingana na kiwango cha umaskini wa familia yake. Tuchukue kwamba amepata kile cha juu kabisa. Akipanga chumba cha Sh6,000 kwa mwezi, bei ambayo karibu na vyuo vya Nairobi si ya anasa hata kidogo, kodi ya mwaka itafika Sh72,000. Mkopo wote umekwisha na bado anadaiwa Sh12,000, wala hajala, hajapanda matatu, hajanunua kitabu. Fauka ya hayo, mkopo mara nyingi hufika muhula ukiwa umekwisha kushika kasi, ilhali mwenye nyumba hungoja hadi tarehe tano tu.

Mpango huo wa ufadhili umepelekwa mahakamani. Mahakama Kuu iliuharamisha Desemba 2024, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Muda wote huo gumzo la taifa limekuwa karo: nani awekwe katika kundi gani, nani alipe kiasi gani. Ni gumzo halali. Lakini kwa mtoto wa Masimba aliyepelekwa Nairobi, chumba kimekuwa karo ya pili, isiyotajwa katika barua, isiyo na msamaha, na inayopandishwa kwa neno la mtu mmoja.

Wenye mitaji waliliona pengo hili mapema kuliko serikali. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn, inayojenga mabweni ya kibinafsi ya Qwetu jijini Nairobi, ilikusanya takriban Sh4.3 bilioni kwa hatifungani ya kwanza ya kijani nchini Kenya, na mwaka 2021 ikaanzisha hazina za uwekezaji zilizojengwa juu ya kodi za wanafunzi. Sisemi haya kwa kulaumu. Mabweni hayo ni safi na yana ulinzi, na anayeweza kuyalipia anapata thamani ya fedha zake. Nasema tu kwamba mtaji hujenga palipo na faida, na faida haiko kwa mwana wa mjane mwenye chini ya ekari moja ya chai. Huyo ameachiwa soko lililobaki.

Soko hilo lina kasoro nyingine ambayo haionekani katika hesabu ya shilingi, nayo ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Kijana asiye na pesa ya amana hufanya jambo moja la busara: hutafuta ndugu. Wetu huenda Kawangware kwa binamu, au kwa mjomba aliye mlinzi, au kwa mtu wa kijiji kimoja anayeuza ndizi sokoni. Wa Siaya huenda kwa wao, wa Kitui kwa wao, wa Mandera huenda Eastleigh. Hapana aibu katika hilo. Undugu ndio bima ya maskini, na wengi tulioishi Nairobi tulianzia sakafuni kwa jamaa. Hata hivyo tutazame kile kinachopotea. Lile bweni la zamani, pamoja na kunguni wake na foleni za chakula, lilifanya kazi ambayo hakuna wizara iliyowahi kuifanya. Lilimchukua kijana wa Masimba ambaye hakuwahi kusikia lugha nyingine nje ya Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza, likamlaza futi tatu kutoka kwa kijana wa Wajir au wa Taita, kwa mwaka mzima. Waligawana sabuni, wakagombana juu ya taa, wakauguzana. Kesho yake mmoja akawa hakimu na mwingine daktari wa wilaya, na kila mmoja alijua kwamba watu wa yule mwingine ni watu.

Leo kijana anaweza kusafiri zaidi ya kilomita 250 hadi jiji lenye makabila yote ya Kenya, akasoma miaka minne, na kila usiku akarudi kulala kijijini kwake kilichohamia mjini. Na anayethubutu kutafuta chumba mahali pengine hukutana na lile swali tunalolijua sote: "Jina lako la pili ni nani?" Akishalitaja, chumba kilichokuwa wazi asubuhi huwa kimepata mtu.

Sisi wa nyanda za Gusii hatuhitaji kufundishwa mwisho wa njia hiyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliziona nyumba zikiwaka katika mpaka wa Borabu na Sotik, kati ya majirani waliokuwa wakiuziana ng'ombe. Jijini, mitaa kadhaa ilijipanga upya kwa kabila, wapangaji wakafukuza wenye nyumba na wenye nyumba wakafukuza wapangaji. Oktoba 2017 maduka yaliteketezwa huko Kawangware, mahali pale pale tunapowapeleka watoto wetu wakalale. Taifa linalowasomesha vijana wake pamoja mchana na kuwalaza mbalimbali usiku limefanya nusu ya kazi.

Sheria inasema nini? Kwa maneno, inasema mengi. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Ibara ya 27 inamkataza mtu yeyote, si serikali peke yake, kumbagua mwenzake kwa misingi ya kabila. Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inagusa hata ubaguzi katika usimamizi wa mali. Lakini chukua ile inayopasa kumlinda mpangaji mdogo, Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zamani, wakati kiasi hicho kilikuwa kodi ya nyumba nzima ya mfanyakazi. Leo hii mwanafunzi wa Ngara au Juja atapata wapi chumba cha Sh2,500 ili sheria imtambue? Ulinzi umebaki kitabuni na mpangaji yuko nje ya jalada.

Yamkini msomaji mmoja ananiambia kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, ajitafutie. Mwingine atasema kwamba serikali inadaiwa kila upande na haina fedha za kujengea kila mtoto bweni. Kuna pia aliyechoka na migomo ya zamani, anayeona afadhali wanafunzi watawanyike mitaani kuliko kukusanyika mahali pamoja. Kwa huyu wa mwisho nasema tu kwamba wametawanyika sasa, na maandamano hayajakoma. Kwa wa kwanza nasema kwamba mtu mzima hujitafutia akiwa na mshahara. Wa pili ana hoja nzito, na ndiye anayestahili kujibiwa.

Ujenzi unawezekana pale nia inapokuwapo. Aprili 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mabweni mapya yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, yaliyojengwa kwa agizo la Rais John Magufuli. Kabla ya mwaka huo kwisha nyufa zilionekana na mjadala mkali ukazuka, nalo ni fundisho kwamba haraka ina gharama yake. Lakini vitanda vilipatikana. Hapa kwetu, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5, na mwajiri wake anaongeza kiasi kama hicho. Mwalimu wa Masimba anakatwa kila mwezi. Serikali imesema kwamba mpango huo utahusisha pia mabweni ya wanafunzi. Vema, basi tuonyeshwe mabweni hayo yako wapi, yana vitanda vingapi, na kodi yake italingana vipi na mkopo wa mwanafunzi.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji tofali hata moja. Barua ya chuo iseme ukweli katika ukurasa wa kwanza: tuna wanafunzi wapya wangapi na vitanda vingapi. Vitanda vilivyopo viwaendee kwanza wa mwaka wa kwanza, walemavu na waliotoka mbali, badala ya kwenda kwa aliyewahi kubonyeza simu mahali penye mtandao mzuri. Mkopo wa matumizi ukadiriwe kwa kodi ya mji anakopelekwa mwanafunzi, na ufike kabla ya siku ya kuripoti. Kiwango cha Sura ya 296 kibadilishwe bungeni kwa sheria, si kwa hotuba; kwani tunakumbuka Kibera mwishoni mwa mwaka 2001, viongozi waliposema hadharani kwamba kodi ipunguzwe, bila utaratibu wowote wa kuipunguza, wapangaji na wenye nyumba wakapigana na watu wakafa. Aidha, kila chuo kiweke daftari la nyumba zilizokaguliwa, na kaunti zifanye ukaguzi huo kikweli. Lile jengo la orofa sita lililoporomoka Huruma usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50 lilikuwa limejaa wapangaji wa vyumba vya bei ndogo, wa aina ile ile wanayoitafuta watoto wetu. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.

Nimesema kuhusu serikali. Sasa nigeuke nyumbani. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha walimu, kilipata hati yake mwaka 2013. Tangu hapo, mashamba ya ndizi yaliyokizunguka yamegeuka kuwa ploti za kupangisha, kuanzia Nyamage hadi pande za Mwembe na Jogoo. Wenye ploti hizo ni sisi. Ni wajomba zetu, ni walimu wastaafu, ni watu wanaokuja Masimba Jumamosi kuchangia mtoto aende Nairobi. Je, kijana wa Turkana au wa Kilifi akigonga mlango wetu tunamuuliza jina lake la pili? Tunamtoza amana ambayo hataiona tena? Tunampandishia kodi katikati ya mitihani kwa kuwa tunajua hana pa kwenda? Ninayo majibu ya baadhi ya maswali hayo, na hayanipi fahari. Mwenye kudai haki Kahawa hana budi kuitenda Nyamage.

Vyama vyetu vya wilaya na vijiji vilivyoko Nairobi, ambavyo husafirisha maiti nyumbani kwa ustadi na umoja wa kusifika, vinaweza kuwahudumia walio hai pia. Chama chenye daftari la vyumba salama na mfuko mdogo wa kukopesha amana kitamwokoa kijana na tapeli, tena kitampa uwezo wa kupanga nje ya mtaa wetu, kando ya watu wasiokuwa wetu.

Siku ile ya mchango, baada ya kuisoma barua, nilimrudishia mwenyekiti na kumwonyesha ile sentensi. Aliisoma mara mbili. Kisha akaomba kimya, akamwomba radhi yule ajuza mbele ya watu, akachukua kalamu na kuongeza neno moja chini ya orodha: chumba. Pembeni yake hakuandika bei. Alituuliza ni shilingi ngapi, na miongoni mwetu sote tuliokuwa chini ya hema lile, wazee, walimu na mwandishi huyu wa gazeti, hapakuwa na aliyeijua.